Nani Anakula Saruji Yako?

Saruji inayoshushwa stesheni ya Kigoma au Tabora imeshasafiri mbali, na safari hiyo inalipwa na mjenzi. Ndiyo maana karibu barua zote za safari hii zinauliza jambo moja: mifuko itapunguaje bila nyumba kupata hasara? Tumezipanga kuanzia ile inayohitaji hesabu nyingi. Wasiopenda hesabu wavumilie; ni za kujumlisha na kugawanya tu.

Jamvi la mita 12 kwa 10

*Habari za kazi wahandisi. Najenga ukumbi wa duka huku Mwanga, Kigoma. Jamvi ni mita 12 kwa 10, unene sentimita 10, halina nondo, na chini kuna moram iliyoshindiliwa. Fundi kaniandikia mifuko 78 ya sementi kwa rasio ya moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne). Jirani yangu kamwaga la ukubwa huo huo kwa mifuko 55 na linaonekana zuri tu. Mimi nimechukua saruji ya nguvu 42.5. Naweza kushuka hadi 55? – Mfanyabiashara, Mwanga*

Kwanza tumtoe fundi lawamani. Mita 12 mara 10 mara 0.10 ni mita 12 za ujazo. Zege la 1:2:4 hula mifuko kama 6.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo 77 na kidogo cha kumwagika. Kakuandikia hesabu halali. Mifuko 55 ya jirani ni kilo 229 kwa mita ya ujazo, yaani ameingia eneo la 1:3:6, na kinachoonekana kizuri pale ni sakafu ya niru iliyopakwa juu. Mwambie asubiri mikokoteni ianze kuburutwa.

Tuseme unataka gredi 20, yaani nyutoni 20 kwa milimita mraba baada ya siku 28. Usianze kwa kupunguza saruji. Anza na vitu vinavyoila, navyo ni maji, mianya na kubahatisha.

Maji ndiyo mlaji mkubwa. Tangu Mmarekani Duff Abrams alipochapisha kazi yake mwaka 1918 inajulikana kwamba nguvu ya zege lililoshindiliwa vizuri hufuata uwiano wa maji na saruji kuliko idadi ya mifuko. Kwa saruji ya 42.5 na kokoto za kupasuliwa, uwiano wa 0.60 ni pa kuanzia kwa jamvi lako: lita 30 za maji kwa mfuko mmoja wa kilo 50, basi. Sasa angalia. Zege la kumiminika kama uji, ambalo vijana hulipenda kwa sababu linajitandaza lenyewe, linataka lita 225 au zaidi kwa mita ya ujazo. Ugawanye kwa 0.60 unapata kilo 375, mifuko saba na nusu. Kwa jamvi lako hiyo ni mifuko 90. Kwa hiyo mifuko 78 ya fundi, ikichanganywa kiuji, haifiki gredi 20; umelipa na hukupata.

Zege zito lenye slampu ya milimita 30 hivi linataka lita 175 tu. Slampu ni kiasi ambacho zege hushuka unapoinua lile koni la chuma la urefu wa milimita 300, baada ya kulijaza kwa matabaka matatu na kuchoma kila tabaka mara 25 kwa ufito wa milimita 16. Lita 175 kwa 0.60 ni kilo 292. Mifuko 5.8. Zege hilo halijitandazi. Linatandazwa kwa reki na beleshi, kisha linapitiwa na vaibreta au ubao wa kutetemesha. Usipokodi vaibreta usithubutu kupunguza maji kiasi hicho, kwa sababu kila asilimia moja ya hewa iliyobaki ndani hupunguza nguvu kwa asilimia 5 au 6.

Mianya. Chukua ndoo ya lita 20 na mizani ya kilo 50. Anika kokoto na mchanga vikauke kabisa. Jaza ndoo kokoto tupu za milimita 20 kwa matabaka matatu, kila tabaka uligonge mara 25 kwa kipande cha nondo, sawazisha mdomo kwa ubao, pima. Tuseme ni kilo 31 bila uzito wa ndoo. Ukimimina maji humo yataingia zaidi ya lita 8 kabla ya kufurika: hiyo ndiyo nafasi tupu, na usipoijaza mchanga utaijaza saruji. Sasa changanya kokoto na mchanga kwa uzito, 70 kwa 30, 65 kwa 35, 60 kwa 40, 55 kwa 45, na kila mchanganyo uujaze vilevile na kuupima. Utaona namba zinapanda halafu zinashuka, kwa mfano 38.0, kisha 39.2, kisha 39.5, kisha 39.0. Ndoo nzito kuliko zote ndiyo yenye mianya michache. Katika mfano huu ya 39.5 inameza lita 5 tu za maji badala ya 8. Kilele kiko kati ya 65 na 60, na namba pale zinakaribiana sana, kwa hiyo chukua 62 kwa 38 na usipoteze siku nzima kutafuta nukta.

Kubahatisha ni mlaji asiyeonekana. Mhandisi anayetaka gredi 20 hasanifu zege la wastani wa 20, kwa sababu nusu ya zege ingetoka chini ya hapo. Anaongeza 1.64 mara kiwango cha kuyumba kwa matokeo. Eneo la ujenzi lisilo na rekodi huhesabiwa kuyumba nyutoni 8, hivyo wastani unaolengwa ni 33. Ukipima kila kitu na mtu mmoja akasimama na maji mwanzo hadi mwisho, kuyumba kwa 5 kunawezekana, na lengo linashuka hadi 28. Kutoka 28 kwenda 33 inabidi uwiano ushuke kama kutoka 0.60 hadi 0.55, yaani kilo 26 zaidi za saruji kwa mita ya ujazo. Kwa jamvi lako ni mifuko sita ya kuziba uzembe wa toroli. Toroli si kipimo, kila kijana analijaza kwa moyo wake.

Tukusanye. Katika mita moja ya ujazo, saruji kilo 292 inachukua lita 94, maji lita 175, hewa lita 15. Zinabaki lita 716 za kokoto na mchanga, na kwa uzani wa kilo 2.65 kwa lita ni kilo 1,897. Asilimia 38 ni mchanga, kilo 721. Zilizobaki, 1,176, ni kokoto. Ukishusha kwa kipimo cha mfuko mmoja:

Saruji mfuko 1, maji lita 30, mchanga mkavu kilo 124, kokoto kilo 202.

Kwa ndoo ya lita 20 iliyojazwa kawaida na kusawazishwa bila kugongwa, hiyo ni ndoo 4 za mchanga mkavu na ndoo 7 za kokoto. Pima ndoo yako mwenyewe kwanza. Mchanga wa huku na wa kule haulingani uzito.

Na hapa ndipo wengi huanguka. Mchanga wa lundo hauwi mkavu, na mchanga wenye unyevu huvimba, hata robo ya ujazo wake. Ndoo 4 za mchanga mbichi ni kama ndoo 3 na kidogo za mkavu. Jaribu hivi: jaza kopo lenye pande zilizonyooka theluthi mbili, pima kina, tuseme sentimita 15. Toa mchanga, weka maji nusu ya kopo, rudisha mchanga ukikoroga, uache utulie. Ukisimama kwenye sentimita 12, basi umevimba kwa robo na unahitaji ndoo 5, si 4. Maji yaliyomo humo nayo yahesabiwe. Kaanga kilo moja ya mchanga kwenye sufuria hadi iache kutoa mvuke na upime tena. Ukipungua gramu 40, kilo 124 zimebeba karibu lita 5, na kwenye mashine unamimina lita 25, si 30. Mvua ikinyesha usiku rudia asubuhi.

Changanya mfuko mmoja wa majaribio kabla ya siku yenyewe. Bakiza lita 3 za maji pembeni. Slampu ikifika 30 kabla hazijaisha, ziache, umepata faida. Zikiisha na zege bado kavu, usiongeze maji peke yake: yaongeze pamoja na saruji kwa uwiano uleule wa 0.60, au rudi kwenye jaribio la ndoo. Jaza kyubu sita za milimita 150, tatu za siku 7 na tatu za siku 28. Za siku 7 zikisoma 19 au 20 uko njiani. Mhandisi wa halmashauri atakuelekeza maabara ya karibu.

Jumla yako basi ni mifuko 70, weka 72 kwa kumwagika. Umeokoa sita kwa fundi wako, na ukilinganisha na zege la uji lenye nguvu ileile umeokoa kumi na nane. Hamsini na tano haifiki. Kwa kilo 229 ungebanwa kwenye lita 137 za maji, na zege hilo bila dawa kali ya kupunguza maji halitandaziki.

Kuna wizi mwingine ambao hauko kwenye rasio kabisa. Nyoosha moram yako kwa kamba na bomba la maji. Ikiwa chini kwa sentimita 2 tu kwa wastani, unamwaga mita 2.4 za ujazo zaidi: mifuko 14 imezama ardhini. Siku moja ya kusawazisha ni rahisi kuliko hiyo.

Kata viungo kila mita 2.5 hadi 3, funika kwa mchanga mbichi au turubai, mwagilia siku 7 usiku na mchana.

Mchanga wa ziwani

*Mchanga wa ufukweni uko karibu kuliko wa mto. Mafundi wengine wanasema una chumvi. Ni kweli? – Kijana anayejenga, Ujiji*

Kijana, Tanganyika si bahari. Chumvi si tatizo lako. Tatizo ni kwamba mawimbi yameshachambua punje zikabaki za saizi moja. Punje zinazolingana haziingiani, zinaacha mianya, na mianya umeshaona inajazwa na nini. Mchanga ukiwa laini sana ndiyo mbaya zaidi, unakunywa maji. Fanya ile hesabu ya ndoo kwa mchanga wa ufukweni peke yake, halafu nusu kwa nusu na mchanga mkali wa mtoni. Mara nyingi nusu kwa nusu inashinda kwa mbali, na tripu moja ya mtoni inajilipa.

Makonokono na makombe yachekeche kwa wavu wa milimita 5. Gamba lenye tundu linabeba hewa, lililolala bapa linazuia zege kushikana. Kuchukua mchanga ufukweni bila kibali ni kosa, uliza serikali ya mtaa kwanza.

Palipo na chumvi ya kweli ni Uvinza. Msomaji wa huko ametuuliza kwa simu kama maji ya chemchemi za chumvi yanafaa. Kwenye zege lenye nondo, hapana kabisa: chumvi hiyo inakula nondo kutoka ndani, na zege linapasuka miaka michache baadaye. Chota mtoni.

32.5 au 42.5?

*Shikamooni. Duka la huku lina mifuko ya 32.5 kwa bei nafuu kuliko 42.5. Fundi anasema zote ni saruji. Ninunue ipi ili nitumie kidogo? – Mama wa Ng'ambo, Tabora*

Marahaba mama. Zote ni saruji lakini namba ile ni nguvu ya chini inayotakiwa siku ya 28 kwenye kipimo cha maabara, kwa nyutoni. Zege lile la Mwanga linalotumia kilo 292 za 42.5 kwa uwiano wa 0.60, ukitumia 32.5 utashuka hadi 0.50 hivi, yaani kilo 350. Ni asilimia 20 zaidi. Basi linganisha bei: 42.5 ikiwa ghali kwa chini ya asilimia 20, chukua hiyo kwa zege. Tofauti ikizidi hapo, 32.5 inashinda. Kwa kujengea tofali na kupiga plasta 32.5 inatosha na ni laini mkononi.

Angalia tarehe kwenye mfuko. Saruji iliyokaa miezi mitatu kwenye ghala lenye unyevu inaweza kuwa imepoteza moja ya tano ya nguvu yake. Ukikuta mabonge yanayovunjika kwa vidole bado si mbaya sana. Yanayotaka nyundo, rudisha.

Nguzo zenye matobo

*Wataalamu, nimejaribu kushusha saruji kama mlivyoandika zamani. Nimetoka mifuko 6.5 hadi 5 kwa mita ya ujazo, kokoto na mchanga nikaacha vilevile. Tulipofungua mbao nguzo mbili zina matobo chini, kokoto zinaonekana, na juu kuna tabaka la maji maji na unga. Kosa liko wapi? – Fundi, Urambo*

Fundi, matatu yamekutana.

La kwanza, ulitoa saruji na hukuweka kitu mahali pake. Mfuko na nusu ni kilo 75, lita kama 24 za unga laini zilizokuwa zinalainisha kokoto na kushika maji. Zege lenye saruji kidogo linataka mchanga zaidi kidogo, asilimia 2 hadi 4 zaidi ya ulivyozoea, na mchanga huo uwe na punje ndogo za kutosha. Lako liliachwa na kokoto nyingi, likawa kali. Kokoto zikatangulia chini, maji yakapanda juu. Unga ule wa juu ndiyo saruji yako, imeelea.

La pili tunalikisia kutokana na maelezo ya tabaka la maji: zege lilipokuwa gumu, mtu aliongeza maji. Karibu kila mara inakuwa hivyo.

La tatu ni namna ya kumwaga na kushindilia. Kwenye mashine tanguliza sehemu ya maji na nusu ya kokoto, fuata saruji, mchanga, kokoto zilizobaki, malizia maji, na iache izunguke dakika mbili kamili baada ya kila kitu kuingia. Zege kavu likitolewa mapema lina mabonge ya saruji yasiyofanya kazi. Kwenye nguzo usimwage kutoka mita tatu juu. Fungua dirisha katikati ya mbao au tumia bomba. Mwaga tabaka la sentimita 30 hadi 40, zamisha sindano ya vaibreta wima hadi iingie sentimita 10 ndani ya tabaka la chini, sekunde 10 hadi 15, ichomoe polepole. Ukiichomoa kwa haraka unaacha shimo. Ukiiona juu inang'aa na mapovu makubwa yameacha kutoka, inatosha. Ukizidisha, unachuja zege tena.

Lakini swali letu ni hili: kwa nini nguzo? Nguzo ya sentimita 23 kwa 23 yenye urefu wa mita 3 ni mita 0.16 za ujazo. Ukiokoa mfuko mzima kwa mita ya ujazo, kwa nguzo moja umeokoa kilo 8. Nguzo kumi, mfuko mmoja na nusu. Kwa hiyo umechokoza sehemu inayobeba nyumba kwa ajili ya bei ya chakula cha mafundi. Zege lenye nondo lina kiwango cha chini kisicholetwa na nguvu bali na kulinda nondo zisipate kutu: viwango vya Ulaya, ambavyo wasanifu wengi huku wanavirejea, vinataka kilo 260 kwa uwiano usiozidi 0.65 kwa zege la ndani palipo pakavu, na kilo 280 hadi 300 kwa uwiano wa 0.55 hadi 0.50 kwa zege la nje linalopigwa na unyevu au mvua. Nguzo zako za kilo 250 ziko chini ya vyote. Punguza kwenye msingi, jamvi, na zege jembamba la kusafishia chini ya msingi. Nguzo, mkanda na slabu ziachie.

Hizo mbili zichunguzwe. Gonga kwa nyundo na uchokonoe kwa patasi. Matobo yakiishia juu juu bila kufika nondo, chonga hadi zege zima, lowesha, ziba kwa zege kavu la kokoto ndogo la uwiano uleule au mdogo. Nondo zikionekana au patasi ikiendelea kuzama, egemeza bimu na umwite mhandisi kabla hujaongeza uzito juu.

Majivu badala ya saruji

*Igunga tunalima mpunga, pumba ni za kutupa. Nimesikia majivu yake ni saruji. Na haya ya kwenye bani la tumbaku je? – Mkulima, Igunga*

Majivu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, ni ya kuni, yaweke shambani. Hayana silika ya kutosha, na chumvi zake za kupikia sabuni zinavuruga saruji.

Ya pumba za mpunga ni habari nyingine. Karibu sehemu tisa kwa kumi ni silika, na silika hiyo ikiwa hai hushikana na chokaa inayotoka kwenye saruji inapoganda, ikawa gundi. Neno ni *ikiwa hai*. Moto ukizidi nyuzi 700 hivi silika inageuka fuwele na kulala. Moto wa lundo linalofukuta nje huacha majivu meusi yenye mkaa, na mkaa unakunywa maji kama mchanga laini. Unatafuta ya kijivu kuelekea weupe, yaliyoungua polepole kwenye pipa lenye matundu. Halafu lazima yasagwe yawe laini kama saruji yenyewe. Mashine ya unga ya mtaani haifai: yatakula vyuma vyake, na hakuna mama atakayekubali unga wa wanawe upite palipopita majivu.

Kabla ya yote soma mfuko. Ukiona alama ya aina ya saruji CEM II/B, kiwandani wameshatoa sehemu ya klinka (mawe yaliyochomwa ambayo ndiyo moyo wa saruji), hadi asilimia 35, na kuweka kitu kingine. CEM IV/B inaweza kufika 55. Humo hakuna nafasi ya majivu yako. Kwenye CEM I au CEM II/A anza na asilimia 10: kilo 45 za saruji, 5 za majivu, na kyubu za kulinganisha na zisizo na majivu, siku 28. Ongeza siku za kumwagilia ziwe 14, kwa sababu gundi hii inachelewa. Tumia kwa tofali na jamvi, si kwa nguzo.

Mawe ndani ya msingi

*Kiwanja changu Ipuli kimejaa mawe ya graniti, nimelipa watu wayatoe. Msingi wa ukuta wa uzio unaozuia udongo ni upana sentimita 80, kina 50, urefu mita 40. Hauna nondo. Naweza kuyazamisha humo? – Mzee mjenzi, Tabora*

Mzee, umelipa watu watoe hela yako nje ya kiwanja. Warudishe.

Msingi wako ni mita 16 za ujazo. Kwa kawaida ya moja-mbili-nne ungekula mifuko 102. Hapa unene unaruhusu kokoto za milimita 40, ambazo kwenye jamvi la sentimita 10 tungezikataa kwa kuwa zinapita theluthi ya unene. Kokoto kubwa zina uso mdogo wa kulowesha, na maji yanashuka hadi lita 160 hivi kwa slampu ya 30. Kwa uwiano wa 0.65, unaotosha msingi usio na nondo kwenye udongo usio na chumvi, ni kilo 246, mifuko 4.9.

Kisha mawe yachukue robo ya ujazo, mita 4. Zinabaki 12 za zege, mara 4.9, mifuko 59.

Jiwe lisizidi sentimita 15, takriban theluthi ya kina. Ligonge kwa nyundo: linalolia kama chuma linafaa, linalotoa sauti ya mbao au kumeguka ganda libaki nje. Moram iliyoganda ikaonekana kama jiwe usiichukue, inanyonya maji na kupondeka. Osha udongo wote, lowesha, yaingie yakiwa na unyevu bila kutiririka maji. Mwaga sentimita 15 za zege kwanza, panga mawe kwa mkono, yasukume yazame nusu, acha sentimita 8 hadi 10 kati ya jiwe na jiwe na kati ya jiwe na ukingo wa mtaro, ili kokoto za 40 na sindano ya vaibreta vipite. Funika kwa zege, shindilia, rudia. Jiwe la kutupwa kutoka juu linajibana na mwenzake na kuacha pango chini. Simama hapo mwenyewe au weka mtu unayemwamini.

Mita 4 hizo ni za jiwe lenyewe. Lundo lina mianya karibu nusu, kwa hiyo unahitaji lundo la mita 7 hadi 7.5. Ukiishiwa na ikabidi kuagiza tripu, muulize mwenye tipa bodi lake ni mita ngapi za ujazo na upime kwa futi kamba kabla halijamwaga.